Hadhira na Uteuzi wa Lugha katika Maandishi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Historia ya usomi katika pwani ya Afrika Mashariki inaonesha kuwa mwandishi anapoteua hadhira huteua pia lugha, umbo na hata swali la kujibiwa. Maandishi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa ni ushahidi wa jambo hilo.

Sheikh Al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937, alilelewa katika mapokeo yaliyokihesabu Kiarabu kuwa lugha ya elimu. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir wa Unguja. Kwa Kiarabu aliandika historia ya Wamazrui waliotawala Mombasa. Wasomaji wa kazi hiyo hawakuweza kuwa wengi, kwani Waislamu wengi wa pwani walikisoma Kiarabu katika Kurani bila ya kukifahamu.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Humo hakuuliza nani alitawala na lini. Aliuliza kwa nini Waislamu wa pwani wamebaki nyuma. Alihimiza elimu, ikiwamo ya wasichana, na kukemea uigaji wa kibubusa wa mambo ya Wazungu. Fikra za mageuzi alizozisoma katika jarida la Al-Manar la Misri alizielekeza kwenye hali halisi ya watu wa Mombasa.

Hatima ya maandishi hayo ilitofautiana. Makala kadhaa za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944, mwandishi akiwa hai. Tafsiri ya Kiingereza ya historia ya Wamazrui ilichapishwa mwaka 1995, miaka 48 baada ya kifo chake.

Hata hivyo, si sahihi kuziona makala za Kiswahili kuwa usomi uliopunguzwa uzito. Msomaji asiyekuwa na vitabu vya fikihi hawezi kuridhishwa kwa kutajiwa kitabu tu. Sharti aelezwe hoja yenyewe. Kwa hiyo, kumwandikia mtu wa kawaida kulimdai mwanachuoni uthibitisho ambao mbele ya wanachuoni wenzake angeweza kuuacha bila kuutamka.