Wanafunzi wa Leipzig na Njia za Elimu ya Nafsi

Chuo Kikuu cha Leipzig, kilichoasisiwa mwaka 1409, kilikuwa katika karne ya kumi na tisa chuo cha serikali ya ufalme wa Saxony nchini Ujerumani. Palikuwa na jengo kuukuu ambamo wanafunzi maskini walikuwa wakipewa chakula, na chumba kimoja cha jengo hilo alipewa profesa wa falsafa, Wilhelm Wundt, apate mahali pa kuweka vyombo vyake. Humo, mwaka 1879, wanafunzi wake walianza kufanya majaribio yao wenyewe. Na kwa hiyo mwaka huo huhesabiwa kuwa ndio uliozaliwa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, kama elimu inayosimama kwa miguu yake.

Majaribio yenyewe, kwa macho ya mgeni, yalikuwa mambo madogo mno. Mtu aliketi mezani akingoja sauti ya tufe lililoangushwa. Akiisikia tu, alibonyeza kitufe. Saa iliyogawanya sekunde katika sehemu 1,000 ilionyesha muda uliopita. Kisha aliambiwa asibonyeze mpaka atambue kwanza ni sauti gani, na muda ulioongezeka ulichukuliwa kuwa ndio muda wa kutambua. Kazi ya namna hiyo ilifanywa miezi mingi, ikaandikwa, na mwanafunzi akatoka na shahada ya udaktari.

Sasa mzazi aliyemlipia kijana wake nauli kutoka Marekani mpaka Leipzig alikuwa na haki ya kuuliza: shahada hii italisha nani? Wundt hakuwa na jibu, wala hakulitafuta. Yeye alisomea udaktari wa tiba, akauacha akaingia katika falsafa, na kwake elimu ya nafsi ilikuwa mtoto wa falsafa asiyepaswa kuhama nyumbani. Hata hivyo watu walimjia. Chuo kilianza kukitambua chumba chake rasmi mwaka 1883, na hata alipostaafu mwaka 1917 alikuwa amesimamia tasnifu 186.

Emil Kraepelin alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili aliyetamani kubaki chumbani humo. Wundt mwenyewe alimshauri asiiache tiba, maana ndiyo iliyokuwa na mkate. Kraepelin akatii, lakini alirudi hospitali na mazoea ya Leipzig: kupima, kuandika, kufuata mabadiliko ya mgonjwa siku hata siku. Alipima jinsi pombe na chai zinavyobadili kazi ya akili. Mpango wake wa kuyagawanya maradhi ya akili, hasa ule wa mwaka 1899, umeacha alama katika vitabu vya madaktari hata leo.

James McKeen Cattell alikuja kwa namna nyingine. Alimwambia profesa kwamba anahitaji msaidizi, na kwamba msaidizi huyo ni yeye Cattell. Alipata shahada mwaka 1886, na mwaka 1890 akatangaza katika maandishi yake vipimo vya akili: nguvu za mkono, wepesi wa kujibu sauti, ukali wa hisia. Alitumaini kwamba kwa hivyo angejua mapema ni nani atakayefaulu masomoni. Mwaka 1901 mwanafunzi wake mwenyewe katika Chuo Kikuu cha Columbia, Clark Wissler, alilinganisha vipimo hivyo na alama za darasani, akaona kuwa hakuna uhusiano wa maana. Ni heshima kwa elimu hii kwamba pigo hilo lilitoka ndani ya nyumba. Cattell alifukuzwa Columbia mwaka 1917 kwa kupinga vijana walioandikishwa kwa nguvu wasipelekwe vitani Ulaya pasipo ridhaa yao. Mwaka 1921 akaanzisha kampuni ya kuuza huduma za wanasaikolojia. Walter Dill Scott, mwanafunzi mwingine wa Leipzig, aliipeleka elimu hiyo katika matangazo ya biashara, na Hugo Münsterberg akaipeleka mahakamani na viwandani.

Lakini aliyeona njia ya maana kuliko wote pengine ni Lightner Witmer, aliyepata shahada mwaka 1892 kisha akafundisha Philadelphia. Mwezi wa Machi 1896 mwalimu mmoja wa shule alimletea mvulana wa miaka 14, mwenye akili za kutosha, ila tahajia ilimshinda kabisa. Witmer alipekua yote aliyofundishwa asione hata moja la kumsaidia mtoto huyo. Hata hivyo hakumrudisha. Aliona kwamba ikiwa elimu ya nafsi ina thamani yoyote, basi lazima iweze kumfaa mwalimu katika shida ya namna hii. Macho yalipochunguzwa yalionekana kuwa na kasoro. Kijana akapewa miwani, akafundishwa upya kwa subira, akapata nafuu. Hivyo ndivyo ilivyoanza kliniki ya kwanza ya saikolojia. Jozi ya miwani ndiyo dawa yake ya kwanza, na hakuna tasnifu hata moja ya Leipzig iliyoitaja.

Wundt hakufurahia mitawanyiko hii. Katika kijitabu cha mwaka 1913 aliwaonya wenzake kwamba wanasaikolojia wakitengwa na falsafa watageuka mafundi tu. Onyo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, kwani kipimo mikononi mwa asiyejiuliza maana yake kimewadhulumu watu wengi tangu wakati ule. Walakini fundi Witmer alimsaidia mtoto.

Tena Wundt alikuwa na upande wa pili ambao wanafunzi wengi waliuacha. Aliamini kwamba lugha, hekaya na mila haziwezi kupimwa kwa saa, akaziandikia majuzuu kumi kati ya 1900 na 1920, ingawa aliyapanga mataifa kwa ngazi, ya kwake ikiwa juu. Mawazo hayo yalimvuta Bruno Gutmann, mmisionari aliyesoma katika seminari ya misheni ya Leipzig na kufika Kilimanjaro mwaka 1902. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926, katika mfululizo wa masomo ya saikolojia uliosimamiwa na Felix Krueger, mrithi wa Wundt katika kiti cha Leipzig. Majuzuu matatu ya mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga jandoni yalifuata kati ya 1932 na 1938. Wazee wa Old Moshi waliokaa naye wakimsimulia mafundisho hayo, neno kwa neno, hawakuandikwa katika daftari la chuo chochote.