Afya ya Akili: Mahali pa Kuanzia Matibabu na Namna ya Kuyagharimia

Katika parokia zetu, mgonjwa wa akili mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, kisha kwenye maombezi, na hospitalini mwisho kabisa, familia ikiwa imekwisha kuuza ng'ombe na shamba. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndiyo maana tunawaelekeza waamini njia iliyo fupi na yenye gharama nafuu.

Mahali pa kuanzia

Si lazima kusafiri moja kwa moja hadi Dodoma, kwenye Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Ngazi ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, ikihitajika. Barua ya rufaa huokoa nauli, tena huwaondolea wenye bima usumbufu. Lakini anayetishia kujidhuru au kudhuru wengine apelekwe hospitali iliyo karibu mara moja, pasipo kungoja rufaa. Asifungwe kamba wala kufichwa chumbani.

Namna ya kugharimia

Mzigo mkubwa si wa siku ya kwanza, bali ni dawa na nauli za kila mwezi. Mgonjwa akipata nafuu, familia hudhani amepona, nayo huacha dawa bila kumwuliza daktari. Ugonjwa hurudi, na kulazwa upya hugharimu zaidi kuliko dawa zilizoachwa. Tunashauri njia tatu:

1. *Bima ya afya.* Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumfikia kila mkazi. Kabla ya kulipa, ulizeni kama huduma na dawa za afya ya akili zimo katika kitita chenu, na hutolewa vituo vipi.

2. *Msamaha wa gharama.* Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Aombe mapema, kabla deni halijakua.

3. *Mshikamano wa Jumuiya Ndogo Ndogo.* Jumuiya, WAWATA na Caritas ya parokia waweza kuchangia nauli, kumsindikiza mgonjwa kliniki na kumpumzisha anayemwuguza.

Imani na tiba

Sala na dawa havishindani. Mgonjwa wa akili aliye katika hali nzito aweza kupokea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Kuhusu kupunga pepo, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, yakataza jambo hilo pasipo ruhusa ya pekee ya Askofu mahalia. Wala asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa atupe dawa ili kuthibitisha imani yake. Nao waliofiwa na ndugu aliyejiua wasikate tamaa: Katekisimu, namba 2282 na 2283, yafundisha kwamba maradhi mazito ya nafsi hupunguza uwajibikaji, na kwamba Kanisa huwaombea watu hao.

Kristo aliwagusa wagonjwa ambao wengine waliwakwepa. Basi kila jumuiya ijiulize wiki hii: ni nani kati yetu amefichwa ndani, na dawa zake za mwezi ujao zitalipiwa na nani?