C95.9: Herufi Nne Zilizomnyima Jirani Usingizi

Juzi nilikuwa nikipanga upya sanduku la CD za zamani nikakutana na moja niliyoiandika kwa kalamu ya wino: "Kliniki, toleo la 3". Ni programu niliyoitengeneza mwaka 2006 kwa Visual Basic 6 na hifadhidata ya Access, kwa ajili ya kliniki ndogo ya ghorofa ya chini huku kwetu Eastlands, si mbali na soko la Mutindwa. Leo nawapa historia yake, na ya kitu kikubwa zaidi kilichokuwa ndani yake bila mimi kukielewa.

Kabla ya yote: nitasema "msimbo", sitasema "kodi". Kodi ni ile anayoifuata mwenye nyumba tarehe tano.

Kliniki ilitaka jambo dogo. Kampuni za bima zilikuwa zimeanza kudai kila ugonjwa uandikwe kwa msimbo wa ICD-10, ule mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuyapa magonjwa namba. Nikaenda sayba usiku wakati intaneti ni rahisi, nikapakua orodha, nikaipunguza ili iingie kwenye kompyuta kuukuu ya mapokezi. Nikabakisha majina makuu tu na kufuta maelezo yote yaliyo chini ya majina. Karani akiandika herufi za mwanzo, programu inammalizia. Nilijiona fundi.

Sasa sikilizeni. Jirani yetu alimpeleka mtoto wake hapo akiwa na homa na kifua kimembana. Fundi wa maabara akahesabu seli nyeupe za damu kwa darubini. Wakati huo kliniki nyingi za mitaani zilitumia kioo cha Neubauer chenye miraba midogo: unachanganya damu kiasi kimoja kwa ishirini, unahesabu seli katika miraba minne ya pembeni, kisha unazidisha kwa hamsini. Akihesabu 380, jibu ni 19,000 kwa kila mikrolita. Kwa kawaida vitabu husema mtu mzima awe kati ya 4,000 na 11,000 hivi, na mtoto mdogo huweza kuwa juu kidogo ya hapo. Mtoto alikuwa na 19,000. Daktari akaandika daftarini: nimonia, lukositosisi. Hilo neno la pili maana yake ni seli nyeupe zimezidi, basi. Mwili unapigana na vijidudu, umeita askari wengi. Akampa dawa, mtoto akapona.

Karani alianza na neno la mwisho. Akaandika "leuk", akabonyeza Tab, akamwita mgonjwa anayefuata.

Kwenye orodha yangu yalikuwapo majina machache tu yanayoanza hivyo. Moja ni ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi, lingine ni utando mweupe mdomoni. La kwanza kwa alfabeti lilikuwa leukemia isiyotajwa aina: C95.9. Saratani ya damu. Lukositosisi haikuwapo kabisa, kwa sababu katika ICD-10 neno hilo si jina kuu. Limewekwa ndani ya maelezo ya D72.8, "matatizo mengine yaliyotajwa ya seli nyeupe za damu". Maelezo yale yale niliyoyafuta ili kuokoa nafasi kwenye diski.

Majuma machache baadaye mama yule alinisimamisha ngazini. "Kijana, si wewe ndiye wa kompyuta? Hebu nisomee hii barua." Bima ya kazini kwa mumewe ilikuwa imezuia malipo na kuomba ripoti ya mtaalamu wa saratani. Barua haikusema "leukemia", ilisema C95.9. Yeye alikuwa ameshapita sayba na kumwomba kijana wa pale amtafutie. Alijua tayari. Alichotaka kwangu ni niseme kwamba kompyuta ya sayba imekosea.

Mtoto mwenyewe alikuwa nje anapiga mpira wa karatasi. Mama alisema siku tatu hizo alikuwa akiamka usiku kumshika paji la uso.

Nilikwenda kliniki jioni ile ile, daktari akafungua daftari na kuona, akaandika barua ya kusahihisha. Bima ilichukua muda kukubali, lakini ilikubali. Mama alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Mimi nikaanza kusoma.

Orodha hii haikutengenezwa kwa ajili ya walio hai. Ilianza kama orodha ya vifo. Mwaka 1893 Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliiwasilisha mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu iliyokutana Chicago, ili nchi ziweze kulinganisha watu wake wanakufa kwa nini. Magonjwa ya wasiokufa yaliingizwa mwaka 1948 tu, katika toleo la sita, Shirika la Afya Duniani lilipokabidhiwa kazi hiyo. Kwa hiyo muundo wake ni wa mwanatakwimu anayepanga makaburi katika safu, nasi tukautumia kulipia dawa za mtoto. Huku kwetu Eastlands ulitumika pia kwa kazi yake ya asili: watafiti wa APHRC walioanza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwauliza ndugu wa marehemu dalili alizokuwa nazo, na madaktari wakatoa msimbo wa ICD-10 kwa sababu ya kifo. Hapo seli nyeupe hazina la kusema, hakuna aliyezihesabu.

Tazameni sasa D72.8 yenyewe kwa jicho la mwandishi wa programu. Ndani yake mna lukositosisi, seli nyeupe zilizozidi. Ndani yake mna pia upungufu wa limfositi, ambazo ni aina mojawapo ya seli nyeupe. Kuzidi na kupungua, safu moja! Wamarekani hawakuridhika. Oktoba 2006 waliongeza kwenye toleo lao la ICD-9 msimbo 288.60 wa lukositosisi peke yake, na walipohamia toleo lao la ICD-10 tarehe 1 Oktoba 2015 ukawa D72.829. Sisi tuliotumia orodha ya dunia tulibaki na kapu moja.

Na kanuni ambayo karani hakuambiwa, kwa sababu mimi sikuijua: ukishajua chanzo, andika chanzo. Seli kuzidi ni dalili. Mtoto yule alistahili J18.9, nimonia, basi.

Hata "kuzidi" kuna utata wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Kericho ulipima watu wenye afya nzuri na kukuta kiwango chao cha chini cha nyutrofili kiko chini ya kile cha vitabu vya Marekani. Mwaka uliofuata wanajenetiki walihusisha jambo hilo na badiliko la jeni ya Duffy, lile lile linalozuia malaria ya vivax, ambalo Waafrika wengi tunalo. Kwa hiyo mtu ambaye kawaida yake ni 3,500 akifika 10,000 ameongezeka karibu mara tatu, na karatasi ya maabara itasema yuko sawa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jawabu la kosa langu lilikuwa linapikwa hapa hapa Kenya. Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kutumia mfumo wa rekodi uliojengwa na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Nao ulikuwa kwenye Access, kama wangu. Wenyewe walikiona kikomo chake, na mwaka 2004 kazi ya OpenMRS ikaanza. Ilianza kutumika Eldoret Februari 2006, mwaka ule ule niliokuwa nafuta maelezo. Siri yake ni kamusi ya dhana. Daktari huchagua dhana, kwa mfano lukositosisi, yenye namba yake na majina yake mengi. Msimbo wa ICD hufungwa pembeni kama anwani tu. Toleo jipya likija, kama ICD-11 iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, unabadilisha anwani bila kugusa alichokisema daktari. Mimi nilikuwa nimehifadhi anwani na kumtupa mwenye nyumba.

KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya serikali, imejengwa juu ya OpenMRS hiyo hiyo.

Jana usiku niliiweka ile CD kwenye mashine pepe ya Windows XP. Ni toleo la kabla ya marekebisho. Ilifunguka bila kulalamika, na rangi zangu mbaya za kijivu na zambarau. Nikaandika "leuk", nikabonyeza Tab. C95.9.