Kaseti ya Bei Ndogo na Aliyeigharamia

Katika mikutano ya Xaveri, ya Kiro na ya vikundi vingine vya parokia zetu, swali la filamu za uchi huulizwa kwa kunong'ona, na mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: dhambi. Neno hilo ni la kweli, wala hatukusudii kulipunguza uzito. Lakini dhambi hii nayo ina historia. Ina viwanda vyake, wafanyabiashara wake na njia ilizopita hata ikafika Masisi na Walikale. Leo twataka kuifuata njia hiyo tukiwa na swali ambalo watu wa nchi ya koltani na kasiteriti wamejifunza kuliuliza kwa uchungu: kitu kinapopatikana kwa gharama ndogo hivi, ni nani aliyeibeba gharama yenyewe?

Zamani filamu ilikuwa jambo la hadhara. Ilihitaji mashine kubwa, ukuta mweupe au shuka, na watu waliokusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo palikuwa na mlango, na mlangoni aliweza kusimama mlinzi. Kanisa nalo liliujua mlango huo. Huko Marekani Wakatoliki walianza mwaka 1934 kutoa orodha za filamu zinazofaa na zisizofaa, na mwaka 1936 Papa Pius XI, katika barua yake Vigilanti cura, aliisifu kazi hiyo na kuwataka maaskofu wa nchi nyingine waifuate. Katika Kongo ya Wabelgiji serikali ilikagua kwa ukali filamu zilizoonyeshwa Waafrika, nao wamisionari wakatengeneza za kwao: wa Scheut huko Kasai walitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili, na hapa Kivu palikuwa na Africa-Films ya padri De Vloo. Hatuzitaji ili kuzitukuza. Nyingi zilimwona Mkongo kama mtoto wa kufundishwa adabu, na jambo hilo lingestahili makala yake. Tunachotaka kiangaliwe ni kwamba mfumo wote, wa serikali na wa Kanisa, ulitegemea kuwepo kwa mlango.

Kaseti iliuondoa. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Betamax, na mwaka 1976 JVC, ya Japani vilevile, ikatoa VHS. Mtu akaweza kutazama akiwa amejifungia chumbani mwake. Wafanyabiashara wa filamu za uchi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuelewa maana ya jambo hilo, wakati kampuni kubwa za Hollywood zilikuwa bado zikiiogopa kaseti na kuipinga mahakamani. (Wako wanaosema kwamba VHS iliishinda Betamax kwa sababu ya filamu hizo. Tusiwaamini upesi, kaseti ya VHS ilirekodi muda mrefu zaidi, na JVC iliwaruhusu watengenezaji wengi kuunda mashine zake. Biashara ya uchafu hupenda kujisifu kwamba ndiyo iliyojenga dunia.)

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja katika utengenezaji. Filamu ya utepe wa picha ilidai mafundi, taa na maabara ya kuisafisha. Kamera ya video haikudai mengi hayo. Katika miaka ya 1980 filamu nzima iliweza kupigwa kwa siku moja au mbili, katika nyumba ya kukodi, bila hadithi ya maana na bila mazoezi. Kila gharama iliyoweza kupunguzwa ikapunguzwa, hata ikabaki malighafi moja isiyoweza kuachwa, nayo ni mwili wa mtu.

Hapa inafaa tumtaje Linda Boreman, Mmarekani aliyeonekana katika filamu ya mwaka 1972 ambayo baadaye ilienezwa sana kwa kaseti. Filamu hiyo iliwatajirisha wengine. Yeye alisema kwamba malipo yake yalikuwa dola 1,250 tu, na kwamba hata hizo zilichukuliwa na mume wake. Mwaka 1980 alitoa kitabu akieleza jinsi mume huyo alivyompiga, alivyomtishia kwa silaha na kumlazimisha. Mwaka 1986 alirudia ushahidi huo mbele ya tume ya serikali ya Marekani, akasema kwamba anayeitazama filamu ile anamtazama yeye akibakwa. Alikufa mwaka 2002, na kaseti zilikuwa bado zikiuzwa. Hatusemi kwamba kila mwigizaji alilazimishwa kama yeye. Twasema kwamba mtazamaji hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu katika picha ile Linda anatabasamu.

Kwetu kaseti zilifika wakati wa Zaire, kwa njia za biashara zilizoleta pia vitenge na redio. Masisi na Walikale hazikuwa na umeme wa kutegemea. Kwa hiyo kaseti ilikaa katika banda: jenereta nje, televisheni na deki ndani, mabenchi ya mbao, kijana mlangoni akipokea pesa. Mlango ulirudi, lakini mlinzi wake sasa alikuwa mfanyabiashara. Filamu za karate na za vita zilihitaji mtu wa kuzieleza. Huko Kampala na Dar es Salaam kazi hiyo ikawa fani kabisa, watu wakilipa kumsikiliza mfasiri kuliko kuitazama picha. Filamu ya uchi haikuhitaji mfasiri. Ilivuka mipaka yote kwa sababu hakuna aliyezungumza ndani yake neno lililostahili kufasiriwa.

Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwaka 2000, na kasiteriti ya Bisie ilipoanza kuchimbwa miaka miwili hivi baadaye, mabanda yalifuata wachimbaji. Bisie haikuwa na barabara ya gari. Magunia ya madini ya kilo 50 yalitoka msituni kwa migongo ya vijana kuelekea Njingala, na kwa migongo hiyohiyo bia, mafuta ya jenereta na mashine za kuonyeshea filamu ziliingia. Deki ilikuwa imekwisha kuipisha sahani ya DVD, lakini benchi lilikuwa lilelile, na watoto waliketi juu yake. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwonyesha mtoto picha za namna hiyo. Msituni hapakuwa na wa kuisoma.

Kuna sababu nyingine inayotuzuia sisi wa nchi hii kulifanya jambo hili mzaha. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale, watu wenye silaha waliwabaka watu wasiopungua 387, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa: wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Kaseti haikuleta vita hivyo, na atakayesema hivyo atakuwa amewapunguzia wenye bunduki hatia yao. Lakini mama aliyenusurika Luvungi akisikia maneno ya Linda Boreman, hatahitaji kufafanuliwa.

Tarehe 7 Mei 1989 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa waraka juu ya ponografia na ujeuri katika vyombo vya habari. Halikutoa orodha ya filamu kama za zamani. Liliwaita kwa zamu waandishi, wazazi, walimu, serikali, na vijana wenyewe.

Kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki za video, Funai ya Japani, kiliacha kazi hiyo mwaka 2016. Katika senta zetu mtu huenda sasa na simu yake kwenye kibanda cha kuchajia, hutoa kadi ya kumbukumbu, na mwenye kompyuta humjazia anachotaka: nyimbo za kwaya, mahubiri, mechi, na zile nyingine, zote kwa bei moja. Majina ya mafaili huwa ni namba tu.