Barabara ya A1 kupitia mabango yake: Migori na Homa Bay

Barabara kuu ya A1 huingia Kenya kutoka Tanzania katika mji wa Isebania, ikapita Migori, Awendo, Rongo, Kisii na Oyugis kabla ya kuteremka Ahero na kufika Kisumu. Kutoka hapo hupanda Kakamega na Kitale, ikakata jangwa la Turkana hadi mpaka wa Sudan Kusini ng'ambo ya Lokichoggio. Ng'ambo ya pili ya Isebania ni Sirari, ambako lami ileile huendelea kwa namba ya Tanzania, T4, kuelekea Tarime na Mwanza. Historia ya njia hii katika kaunti za Migori na Homa Bay imeandikwa kwa sehemu kubwa juu ya vibao vya bati: majina, namba na umbali ambao wasafiri husoma kwa sekunde mbili kisha wakausahau.

Kabla ya magari, ziwa ndilo lililokuwa barabara. Meli za Ziwa Victoria zilitia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, na Karungu ilikuwa na kituo cha serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya makao ya wilaya ya Kavirondo Kusini kuhamishiwa Kisii. Njia za nchi kavu ziliunganisha bandari hizo na vituo vya bara. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Tanganyika na kupigana na Waingereza Kisii tarehe 12 Septemba 1914; ukanda huu ulikuwa njia ya jeshi kabla ya kuwa njia ya malori ya miwa.

Vibao vya kuwaelekeza wenye magari katika Afrika Mashariki vilianza kama kazi ya chama cha waendesha magari wenyewe. Lionel Douglas Galton-Fenzi alianzisha chama hicho mwaka 1919, na mwaka 1926 aliendesha gari aina ya Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa wakati ambapo hapakuwa na barabara ya maana. Mnara wa kumbukumbu yake, uliojengwa mwaka 1939, ungali umesimama katika Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi ukiwa na umbali wa kufika miji mbalimbali. Enzi hizo umbali ulihesabiwa kwa maili. Hivyo picha ya zamani yenye kibao cha maili hutambulisha umri wake kwa kiasi fulani, hata kama aliyeipiga hakuandika tarehe nyuma yake.

Herufi zilifuata baadaye. Mfumo uliotumika tangu miaka ya 1970 uligawa barabara za Kenya katika madaraja kuanzia A, yaani zile zinazofika mipakani na kuungana na nchi jirani, hadi E, yaani njia ndogo za vijijini. A1 ilipata nafasi yake ya juu kwa sababu ya mipaka iliyo kwenye ncha zake. Barabara ya Rongo hadi Homa Bay ikawa C20, na ile ya Homa Bay hadi Mbita ikawa C19, ingawa wenyeji hawajawahi kuzitaja kwa namba. Husema tu barabara ya Rongo, au ya Mbita. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka mpya, ikiwemo KeNHA inayosimamia barabara kuu, na Januari 2016 ukatangazwa mpangilio mpya wa madaraja na namba. Njia ya Mombasa hadi Malaba kupitia Nairobi, ambayo zamani iligawanywa kati ya A109 na A104, iliunganishwa kuwa A8. A1 ilibaki A1. Kwa mtu anayekusanya picha za vibao, mabadiliko hayo ni kalenda ya bure: kibao chochote chenye A104 kilichorwa kabla ya mpangilio wa 2016, au kilichorwa na fundi asiyesoma matangazo ya serikali, jambo ambalo nalo hutokea.

Majina hutoa habari nyingi zaidi ya namba. Mji wa mpakani huandikwa Isebania mahali pamoja na Isibania mahali pengine, na Homa Bay huunganishwa kuwa neno moja na wachoraji wengi wa vibao vya maduka na shule. Mji wa Migori ulijulikana kwa muda mrefu kama Suna, na jina hilo bado linaishi katika majina ya maeneo ya utawala na taasisi za huko. Huko Awendo, kiwanda cha sukari kilichoanzishwa mwaka 1976 kinaitwa South Nyanza Sugar, au Sony kwa kifupi. Wilaya ya Nyanza Kusini yenyewe, iliyokuwa na makao yake Homa Bay, ilianza kumegwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu mwaka 2013 ardhi yake imo katika kaunti. Bango la kiwanda limebaki likibeba jina la wilaya isiyokuwepo tena kwenye ramani.

Magharibi ya Migori, vibao huelekeza Macalder, mahali palipopewa jina la mgodi wa dhahabu na shaba uliofungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hawajaondoka. Upande huohuo kuna kibao cha Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wala saruji, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hicho ni miongoni mwa vibao vichache vya eneo hili vinavyotaja historia waziwazi. Upande wa Homa Bay, barabara ya Mbita huishia kwenye mlango wa maji wa Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Tuta la miaka ya 1980 liliunganisha kisiwa na bara, kisha katika miaka ya 2010 daraja likachukua nafasi yake ili maji yapite tena. Picha za vibao vya pande zote mbili za mlango huo, zikipangwa kwa miaka, zingeonyesha mabadiliko hayo vizuri kuliko ripoti nyingi za wahandisi.

Tatizo ni kwamba vibao havidumu. A1 kutoka Isebania hadi Ahero ilikarabatiwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na barabara inapopanuliwa, vibao vya zamani ndivyo hung'olewa kwanza. Vingine huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Kenya ilitunga sheria ya biashara hiyo mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa. Vinavyosalia hubandikwa picha za wagombea wa uchaguzi na matangazo ya waganga hadi mshale hauonekani.

Sheria ya urithi haivisaidii. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa kabla ya mwaka 1895, wakati ambapo hapakuwa na hata gari moja katika nchi hii. Kibao cha maili cha miaka ya 1930 kingehitaji tangazo maalumu ili kilindwe. Nchini Marekani, barabara ya Route 66 iliyoanzishwa mwaka 1926 na kufutwa rasmi mwaka 1985 ina vibao vya kuonyesha njia yake ya zamani, na wakusanyaji hununua vile asilia kwa bei kubwa. Uingereza ilibadilisha vibao vyake nchi nzima kuanzia katikati ya miaka ya 1960, na vya zamani vikaishia makumbusho na kwenye karakana za watu binafsi. Katika Migori na Homa Bay, kung'oa kibao ili kukihifadhi ni kosa sawa na kukiiba; kinachoweza kukusanywa kihalali ni picha yake.

Picha yenye manufaa huwa na mambo matatu: kibao chenyewe kwa karibu ili maandishi yote yasomeke, kibao kikiwa na mazingira yake ili njiapanda au duka lililo jirani litambulike, na mgongo wake, ambako mara nyingine kuna alama ya kiwanda au ya mkandarasi. Tarehe na mahali huandikwa papo hapo. Tahajia hunakiliwa kama ilivyo, makosa yakiwemo, kwa kuwa makosa ndiyo husaidia kutofautisha kibao kimoja na kingine. Picha hizo zinaweza kuwekwa kwenye hifadhi za wazi kama Wikimedia Commons au Mapillary, na majina kuingizwa katika ramani ya OpenStreetMap. Isebania inahitaji tahadhari zaidi: eneo la forodha na uhamiaji halipigwi picha bila ruhusa ya maofisa, kwa hiyo kibao cha mwisho cha A1 upande wa Kenya hupatikana kwa kuomba kwanza ofisini.