Mbeya na barabara kuu: Njia nne mjini, mchepuo nje ya mji

Kwa zaidi ya miaka 50, shehena kubwa inayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa ikipita katikati ya Mbeya. Lori la mafuta likishaingia Uyole hukutana na daladala, bajaji, bodaboda na wanafunzi wanaovuka barabara, na hali huwa hiyo hiyo kupitia Soweto, Mafiati na Iyunga hadi Mbalizi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, na kitovu chake cha zamani kipo upande wa kaskazini, chini ya mlima Loleza. Barabara ya lami ya Tanzam, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipita kusini mwa kitovu hicho. Mji ndio ulioifuata barabara. Yalikuja masoko, gereji, vituo vya mafuta na nyumba za kulala wageni, kisha makazi yakajaza nafasi iliyobaki. Mbeya ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005, barabara hiyo ya kimataifa ilikwisha kuwa mtaa wake mkuu.

Idadi ya watu inaeleza sehemu ya tatizo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika jiji hilo, na ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603, ongezeko la zaidi ya asilimia 40 katika miaka 10.

Mpango wa Serikali wa kuboresha barabara ya Igawa hadi Tunduma, yenye urefu wa kilomita 218, una mambo mawili yanayoigusa Mbeya moja kwa moja. La kwanza ni kupanua barabara iliyopo kuwa njia nne kuanzia Nsalaga, eneo la Uyole, hadi Ifisi, umbali wa kilomita 29. La pili ni barabara ya mchepuo ya Uyole hadi Songwe, yenye karibu kilomita 49, ambayo itayatoa malori nje ya jiji. Upanuzi ndio uliopewa nafasi ya kwanza katika utekelezaji.

Miradi hiyo miwili huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja, lakini haifanyi kazi moja. Njia nne humsaidia zaidi mkazi anayetoka Uyole kwenda kazini Iyunga. Mchepuo humsaidia dereva anayekwenda Tunduma, ambaye hana shida yoyote na Mbeya isipokuwa kuipita. Ukijenga njia nne pekee, malori yatabaki mjini yakiwa na nafasi ya kwenda kasi zaidi, na mwenda kwa miguu atakuwa na upana maradufu wa kuvuka. Kwa sababu hiyo vivuko, taa, vituo vya daladala na barabara za pembeni vinapaswa kuwamo katika usanifu tangu siku ya kwanza, si kuongezwa baada ya misiba.

Misiba hiyo Mbeya inaifahamu. Julai 1, 2018, watu 20 walikufa katika mteremko wa Iwambi baada ya lori kugongana na magari madogo ya abiria. Lori lenye shehena linaposhuka kwa muda mrefu huchemsha breki hadi zikashindwa kushika, na jiji limekaa pale pale miteremko inapoishia. Mchepuo nao utapita katika nchi ya milima, kwa hiyo kulihamisha lori hakuondoi mteremko. Mwinuko wa barabara mpya na njia za dharura za kuyapokea malori yaliyoshindwa ni mambo ya kuamuliwa mezani, kabla ya katapila la kwanza kuwashwa.

Hata hivyo, jambo gumu kuliko yote ni ardhi. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009, hifadhi ya barabara kuu iliongezwa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara badala ya mita 22.5. Hapo ndipo zilipotoka alama za X zinazojulikana nchini kote. Nyekundu ni ya jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani, ambalo mwenyewe halipwi. Ya kijani ni ya jengo lililokutwa na ongezeko jipya, ambalo mwenyewe anastahili fidia. Tofauti ya mita saba na nusu inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuhama na fedha mkononi na kuhama mikono mitupu. Wakazi wa Kimara, Dar es Salaam, walilionja hilo mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ni pana zaidi.

Mchepuo una nafuu moja: sehemu kubwa ya njia yake inaweza kupimwa na kuwekewa mipaka kabla haijajengwa. Nafuu hiyo haidumu. Tetesi za barabara zikishafika kijijini, viwanja huanza kuuzwa. Na mchepuo ukishafunguliwa bila kudhibiti maingilio, historia ya Tanzam hujirudia: kibanda, gereji, mji mwingine. Arusha, ambayo mchepuo wake wa kilomita 42.4 ulizinduliwa mwaka 2022, na Dodoma, yenye barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, zinakabiliwa na jaribu hilo hilo. Kwa Mbeya kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa Mbalizi ipo nje ya mipaka ya jiji, katika Halmashauri ya Wilaya. Wakala wa Barabara (Tanroads) husimamia barabara, lakini vibali vya ujenzi kando yake hutolewa na halmashauri.

Lami husanifiwa kwa kawaida kudumu miaka 20, kwa kukadiria malori yatakayopita na uzito wake, ambao sheria ya Afrika Mashariki imeuwekea ukomo wa tani 56. Makadirio ya Mbeya yana jambo jingine la kuzingatia. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini makubaliano na kampuni ya China ya kuifufua reli ya Tazara, inayopita jijini humo. Shaba ikirudi relini kwa wingi, hesabu ya malori itabadilika.

Kwa wenye nyumba, saa inayohesabika ni nyingine. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, vinginevyo inaongezwa riba. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini huo hukoma na wathamini hulazimika kurudi upya.