Sangara: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Waungwana, wengi wetu tunakula sangara tukidhani ni mwenyeji wa Ziwa Victoria tangu enzi za mababu. Wapi! Yule ni mhamiaji, na historia ya kuhamia kwake hunikera kila nikiisoma.

Wenyeji hasa ni furu, vijisamaki vyenye miba. Wanasayansi wanakadiria kulikuwa na aina zaidi ya 500, nyingi hazipatikani kwingine duniani. Miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni waliwaona hawana thamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tulete samaki mkubwa awale furu, halafu sisi tumle yeye.

Wapo waliokataa. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti aliyefanya kazi Jinja, aliandika kupinga. Alisema samaki mla samaki hawezi kutoa uzito sawa na anaoula, kwani chakula kingi hupotea njiani. Tena, nani kasema sangara atakula furu tu na kumwacha sato?

Hoja nzuri, ila imechelewa. Sangara walishatiwa ziwani kimyakimya upande wa Uganda tangu 1954. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa rasmi, Entebbe na Kisumu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa takriban miaka ishirini mambo yalionekana shwari. Miaka ya 1980 ilipoanza, sangara wakafumuka. Inakadiriwa aina 200 hivi za furu zilitoweka, ingawa uchafu na mbolea zilizoingia ziwani nazo zilichangia. Sangara akageukia dagaa, uduvi, hata watoto wake mwenyewe!

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Samaki waliovuliwa ziwa zima hawakupungua. Walipanda kutoka kama tani 100,000 kwa mwaka miaka ya 1970 hadi kama tani 500,000 kufikia 1990. Viwanda vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na wengi Mwanza wakabaki na mapanki.

Je, nani alitabiri sawasawa? Kwa maoni yangu, kila upande ulipata nusu. Maofisa walihesabu kilo, wakapata kilo. Fryer alihofia uhai wa ziwa, na hofu yake ikatimia. Kumbe kutabiri madhara ya kiumbe mgeni kunaanza na swali: madhara kwa nani? Kwa mwenye kiwanda, kwa mama mkaanga samaki, au kwa furu?

Tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa mno, baadhi ya furu wamerudi. Waliotoweka kabisa hawatarudi, hata tukiunda tume mia.

Kesho akija mtaalamu na mti au samaki wa ajabu wa "kutukomboa", tumuulize kabla hajafungua gunia: mwenyeji atapona? Nyie mnasemaje?